Configure inapojibu "no" ya uongo: kutatua matatizo ya fanksheni zisizotangazwa katika programu za C

Umepakua msimbo wa programu ya miaka mingi kidogo. Umeandika ./configure, skripti inayokagua mfumo wako kabla ya kujenga, imepita. Umeandika make, amri inayojenga programu, nayo imepita. Programu inawaka. Wiki moja baadaye unagundua kuna kazi moja haifanyi, ilhali kwa mwenzako, kwa msimbo uleule, inafanya vizuri. Hilo ndilo tatizo ninalotaka tulichimbe hapa. Lina ndugu zake wanaopiga kelele zaidi na ambao ni rahisi kuwakamata, nao tutawapitia, ila huyu mkimya ndiye anayeumiza watu.

Kwanza tuelewe kilichobadilika. Katika C ya mwaka 1989, ukiita fanksheni ambayo kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa programu ya kuendeshwa) haijawahi kuiona, kompaila haikugomba. Ilijichukulia tu kwamba fanksheni hiyo inarudisha int, ikaendelea na kazi. Kiwango cha C99 kiliondoa ruhusa hiyo, lakini kompaila ziliendelea kuvumilia kwa onyo tu kwa zaidi ya miaka 20. Uvumilivu ukaisha kwa awamu: Xcode 12 ya Apple mwaka 2020, Clang 16 mwezi Machi 2023, kisha GCC 14 mwezi Mei 2024. Clang walitaka kufanya hivyo tangu toleo la 15, wakarudi nyuma kidogo ili kuwapa watu muda wa kurekebisha skripti zao za configure. Hilo peke yake linaonyesha uzito wa jambo.

Wengi wanakutana nalo wanapopandisha toleo la mfumo. Debian 12 ilikuja na GCC 12, Debian 13 imekuja na GCC 14. Ukiruka kutoka moja hadi nyingine, umeruka pia ule mpaka. Ubuntu 24.04 bado iko upande wa zamani kwa GCC 13, ndiyo maana watu wawili wenye Linux za karibu umri mmoja wanaweza kupata matokeo tofauti kabisa.

Sasa, configure inafanyaje kazi? Inaandika programu ndogo iitwayo conftest.c, inaijaribu kwa kompaila, na kutokana na jibu inaamua. Ikikubalika, jibu ni yes. Ikikataliwa, jibu ni no. Haiulizi imekataliwa kwa nini. Programu hiyo ndogo ikikataliwa kwa sababu mfumo wako hauna fanksheni inayotafutwa, ni no. Ikikataliwa kwa sababu aliyeiandika mwaka 1998 alisahau kuweka heda (faili inayotangaza fanksheni), ni no ileile. Shika hilo, maana dalili nyingi zilizo hapa chini zinatokana nalo.

Dalili: make inasimama na kusema "implicit declaration"

Hii ndiyo iliyo wazi. GCC inaandika hivi:

```
error: implicit declaration of function 'asprintf' [-Wimplicit-function-declaration]
```

na Clang inaandika "call to undeclared function", ikiongeza kwamba C99 na zilizofuata haziruhusu jambo hilo. Kosa limeonekana, limetajwa jina na mstari. Sababu zake si nyingi.

Ya kwanza, heda haikuwekwa. Fungua ukurasa wa man wa fanksheni hiyo, utazame sehemu ya SYNOPSIS, weka heda inayotajwa pale. Wakati mwingine heda ilikuwepo kwa njia ya mlango wa nyuma, kupitia heda nyingine, halafu mlango ukafungwa. Mfano mzuri ni major, minor na makedev: hadi toleo la 2.27 la glibc (maktaba ya msingi ya C kwenye Linux) zilikuja zenyewe ukiweka sys/types.h, lakini tangu glibc 2.28 ya mwaka 2018 ni lazima uweke sys/sysmacros.h mwenyewe.

Ya pili, heda ipo lakini fanksheni imefichwa. Hapa ndipo watu wanapozunguka saa nzima wakiitazama heda na kuapa kwamba fanksheni wanaiona kwa macho yao. Ni kweli, imo, lakini imezungushiwa #ifdef. Fanksheni kama asprintf, strcasestr, memmem, pipe2 na accept4 hazionekani kwenye glibc mpaka _GNU_SOURCE iwe imefafanuliwa. Kadhalika, ukijenga kwa -std=c99 au -std=c11 badala ya -std=gnu99 au -std=gnu11, unajifungia ndani ya C tupu, na vitu vya POSIX (kiwango cha mifumo ya jamii ya Unix) kama popen, fileno na strdup vinapotea.

Na hapa kuna mtego ndani ya mtego. Unaweza kuwa umefafanua _GNU_SOURCE vizuri ndani ya config.h (heda ambamo configure huandika majibu yake), lakini faili ya msimbo ikaanza hivi:

```c
#include <stdio.h>
#include "config.h"
#include <string.h>
```

Imechelewa. Heda ya kwanza ya mfumo ikishasomwa, glibc imeshaamua nini kionekane na nini kifichwe, na haitaamua tena katika faili hiyo. config.h ni lazima itangulie heda zote za mfumo. Nimeona viraka virefu vikiandikwa kutibu kosa ambalo dawa yake ilikuwa kubadilishana mistari miwili.

Ya tatu, fanksheni kweli haipo kwenye mfumo wako, na msimbo ulitakiwa kutumia mbadala wake. Ikiwa msimbo una mbadala lakini hautumiki, kosa liko kwenye configure, kwa hiyo endelea kusoma.

Dalili: kila kitu kimepita, lakini kipengele hakipo

Nitaeleza kisa kilichonifundisha. Nilikuwa na programu inayoandika kwenye faili moja kutoka kwa michakato kadhaa kwa wakati mmoja. Ilikuwa imefanya kazi kwa miaka. Tukahamia mashine mpya yenye mfumo mpya, tukaijenga upya, ikajengeka bila onyo hata moja lililonishtua. Baada ya siku chache tukaanza kuona mistari ya data iliyokatika katikati, nusu ya mchakato mmoja imeungana na nusu ya mwingine. Nilitafuta kosa kwenye diski. Nilitafuta kwenye mfumo wa mafaili. Siku mbili zikaisha kabla sijafungua config.log (rekodi ya majaribio ya configure) na kukuta jambo la namna hii:

```
configure:5121: checking whether fcntl locking works
configure:5139: gcc -o conftest -g -O2 conftest.c >&5
conftest.c:31:1: error: return type defaults to 'int' [-Wimplicit-int]
conftest.c:35:5: error: implicit declaration of function 'exit' [-Wimplicit-function-declaration]
configure:5139: $? = 1
configure: program exited with status 1
configure: failed program was:
```

na mwishoni kabisa, "result: no". Jaribio lenyewe lilikuwa hivi:

```c
#include <fcntl.h>
static struct flock fl;
main()
{
    int fd = open("conftest.lock", O_RDWR | O_CREAT, 0600);
    fl.l_type = F_WRLCK;
    exit(fcntl(fd, F_SETLK, &fl) == -1);
}
```

Ufungaji wa faili kwa fcntl ulikuwa mzima kabisa kwenye mashine ile. Kilichokufa ni programu ya kupimia: main haina aina ya kurudisha, na exit imeitwa bila stdlib.h. Configure ikaandika kwamba mashine haiwezi kufunga faili, na programu ikajengwa bila kufuli. Hakuna aliyedanganya kwa makusudi, lakini data iliharibika.

Angalia mstari unaosema "program exited with status 1". Mstari huo unapotosha. Unakufanya uamini programu ya majaribio iliendeshwa ikashindwa, kumbe haikuwahi kuwaka. Autoconf, zana inayozalisha skripti za configure, huandika maneno hayohayo hata pale ambapo kompaila ndiyo iliyokataa. Namna ya kutofautisha ni kutazama juu yake: kama programu iliendeshwa kweli, kutakuwa na mstari wenye ./conftest peke yake. Ukikosekana, hakuna kilichopimwa.

Kwa hiyo hatua ya kwanza, kabla ya kushuku kitu kingine chochote, ni hii:

```
grep -nE "implicit declaration|undeclared (library )?function|defaults to .int" config.log
```

Kipande cha mwisho kinakamata main() isiyo na aina, kwa GCC na kwa Clang. Ukipata mistari, fungua config.log kwenye namba hiyo, shuka hadi "failed program was", na usome programu kuanzia chini kwenda juu. Sehemu ya juu ni #define nyingi za majibu yaliyotangulia, jaribio lenyewe liko mkiani. Jiulize swali moja tu: je, kosa linahusu kile kinachopimwa, au kitu kingine kilicho kando? Kama jaribio linapima fcntl na kosa linahusu exit, jibu la no halina thamani.

Wanaojenga vifurushi wamelijua tatizo hili muda mrefu. MacPorts hukagua config.log baada ya hatua ya configure na kukuonya kwamba huenda kuna vipengele vimezimwa kwa bahati mbaya, na Portage ya Gentoo hutoa taarifa kama hiyo. Ukijenga mwenyewe kwa mkono, hakuna anayekuonya.

Njia ya pili naipenda zaidi kwa programu kubwa yenye majaribio mamia. Jenga mara mbili kwenye saraka mbili, mara moja kwa ukali wa sasa, mara moja kwa ulegevu wa zamani, kisha linganisha majibu:

```
mkdir zamani sasa
(cd zamani && ../configure CFLAGS="-O2 -fpermissive")
(cd sasa && ../configure CFLAGS="-O2")
diff -u zamani/config.h sasa/config.h
```

Katika GCC 14 na kuendelea, -fpermissive hurudisha makosa haya kuwa maonyo kwa msimbo wa C. Kompaila za zamani hazikubali swichi hiyo kwa C, lakini hizo nazo hazina tatizo hili. Kama configure itakuambia saraka ya msimbo imeshasanidiwa, endesha make distclean kwanza. Kila mstari utakaotokea kwenye diff ni jaribio lililobadilisha jibu kwa sababu ya ukali wa kompaila peke yake, mashine ni ileile. Diff ikiwa tupu, majaribio hayo hayajabadilisha kitu katika config.h. Ila kumbuka kulinganisha Makefile pia, maana baadhi ya majibu huishia huko.

Ukishalipata jaribio bovu, lirekebishe kwenye configure.ac, si kwenye configure. Configure ni faili inayozalishwa kutoka configure.ac. Ukiigusa yenyewe, kazi yako itafutwa siku mtu atakapoizalisha upya. Kwa kisa changu marekebisho yalikuwa madogo mno: main() ikawa int main(void), na exit(...) ikawa return. Hata stdlib.h haikuhitajika tena. Kurudisha thamani kutoka main ni salama kuliko kuita exit katika majaribio ya namna hii, kwa kuwa unapunguza kitu kimoja kinachoweza kukosa heda. Kama mwandishi wa zamani aliandika AC_TRY_RUN, badala yake tumia AC_RUN_IFELSE pamoja na AC_LANG_PROGRAM, ambayo huandika main iliyo sahihi yenyewe. Kisha:

```
autoreconf -fi
```

Ikilalamika kwamba makro fulani haijulikani, mara nyingi ni kwa sababu hujaweka pkg-config au autoconf-archive.

Je, kama huna muda, na unachotaka ni programu ijengeke leo? Autoconf huruhusu kuliweka jibu mapema, ikiwa jaribio linatumia kumbukumbu ya majibu. Tafuta jina la kigezo kwenye config.log, sehemu ya "Cache variables", kisha ukiandike mbele ya amri, kwa mfano ac_cv_func_memmem=yes ./configure. Hii ni dawa ya maumivu tu, lakini ni ya kweli, kwa sababu unamwambia configure jambo ambalo wewe mwenyewe umelihakikisha.

Ambacho sikubali ni kuweka -Wno-error=implicit-function-declaration au -fpermissive kwenye CFLAGS (swichi zinazopewa kompaila) na kuacha hapo milele. Ni kufunika kombe mwanaharamu apite. Majaribio yatapita, ndiyo, lakini na msimbo wa programu yenyewe utapita ukiwa na makosa yaleyale, na huko makosa hayo yana madhara mengine kabisa, tutayaona mbele.

Dalili: "cannot make gcc report undeclared builtins"

Hii ni tofauti, kwa sababu configure yenyewe inasimama. Inatokea kwa skripti zilizozalishwa na Autoconf 2.70, ya Desemba 2020, au matoleo yaliyofuata. Kabla yake utaona mstari huu:

```
checking for gcc options needed to detect all undeclared functions...
```

Jibu la kawaida ni "none needed". Ukiona "cannot detect", safari imeishia hapo.

Jaribio hili lipo kwa sababu nzuri. Clang ya zamani, ikikuta jina la fanksheni mashuhuri kama strchr bila heda, iliitambua kutoka kichwani mwake na kuikubali kwa onyo. Matokeo yake, configure ikiuliza "je, strchr imetangazwa?", jibu lilikuwa ndiyo hata pasipo heda yoyote. Kwa hiyo Autoconf sasa huandika programu yenye (void) strchr; bila heda yoyote, na inatarajia programu hiyo ikataliwe. Ikikubaliwa, hujaribu tena kwa -fno-builtin. Kisha huandika programu ya pili, iliyo sahihi, yenye float.h, limits.h, stdarg.h na stddef.h, na hiyo inatarajia ikubaliwe. Zote mbili zikitoa majibu yanayotarajiwa, basi. Lolote likienda kinyume, unapata kosa hilo.

Kwa hiyo kwenye config.log tafuta ni ipi kati ya hizo mbili imekuangusha.

Kama ya kwanza imekubaliwa wakati ilitakiwa kukataliwa, kuna kitu kinaingiza heda kwa nguvu. Tazama CFLAGS na CPPFLAGS zako, pamoja na skripti yoyote inayoizunguka kompaila. Mtu akiwa amewahi kutibu kosa jingine kwa -include string.h, amelivunja jaribio hili bila kujua, maana strchr sasa imetangazwa daima.

Kama ya pili imekataliwa, kompaila yako haipati heda za msingi au inakataa kitu kingine. Ukijenga kwa ajili ya mashine ya aina nyingine, shuku --sysroot (saraka yenye heda na maktaba za mashine hiyo) kwanza: linka, yaani zana inayounganisha msimbo na maktaba, inaweza kupata maktaba zake sawasawa huku kompaila ikitafuta limits.h mahali pasipokuwa nayo. Kwenye Mac, shuku zana za Xcode ambazo hazijakamilika baada ya kupandisha toleo la mfumo. Ujumbe wa kompaila ulio juu kidogo ya kosa hilo utakutajia faili inayokosekana.

Dalili: configure ilisema yes, linka ikakataa

Hiki ni kioo cha tatizo la awali, na utakikuta zaidi kwenye kompaila za zamani. Jaribio linaita fanksheni bila heda na linaishia kwenye kukompaila tu, bila kuunganisha. Kompaila yenye uvumilivu inakubali jina lolote, hata fanksheni_isiyokuwepo(). Jibu linakuwa yes daima. Ukifika mwisho wa make, linka inasema "undefined reference". Dawa ni kutumia AC_LINK_IFELSE badala ya AC_COMPILE_IFELSE, na kuweka heda sahihi ndani ya jaribio.

Kwa CMake, zana nyingine ya kusanidi ujenzi, tofauti ni kati ya check_function_exists na check_symbol_exists. Ya kwanza hujitungia tangazo lake na kuuliza linka tu, hivyo inaweza kusema ipo wakati heda imeificha, na make ikaja kusimama kwa "implicit declaration". Ya pili huweka heda unayoitaja kisha huunganisha. Itumie hiyo, na ukihitaji _GNU_SOURCE iweke kwenye CMAKE_REQUIRED_DEFINITIONS kwa -D. Rekodi zake ziko CMakeFiles/CMakeConfigureLog.yaml tangu CMake 3.26; kwa matoleo ya nyuma tazama CMakeError.log. Kwa Meson soma meson-logs/meson-log.txt. Kote, mantiki ya usomaji ni ileile: kosa linahusu kinachopimwa, au kitu cha kando?

Dalili: inajengeka kwa maonyo, kisha inaanguka ikiwa kazini

Hapa ndipo utakapoona kwa nini waandishi wa kompaila walichoka. Chukua strdup iliyoitwa kwa -std=c11 bila kutangazwa, kwenye mashine ya biti 64. Kompaila inadhani inarudisha int yenye biti 32. Kwa kweli inarudisha pointa yenye biti 64. Nusu ya juu ya anwani inatupwa, nusu ya chini inanyooshwa tena kuwa pointa, na mstari wa kwanza utakaoigusa unaishia kwa "Segmentation fault".

Kinachochanganya ni kwamba msimbo huohuo unaweza kuwa ulifanya kazi kwa miaka. Programu zilizojengwa bila PIE (muundo unaoruhusu programu kupakiwa kwenye anwani yoyote) mara nyingi huwa na kumbukumbu yao ya malloc kwenye anwani za chini, zinazotosha ndani ya biti 32. Nusu ya juu ilikuwa sifuri, hivyo kuitupa hakukuleta madhara. Mifumo ilipoanza kujenga kwa PIE kama kawaida, anwani zikapanda juu, na deni la zamani likadaiwa. Ukiona anguko lenye anwani kama 0xffffffffa12b42a0 kwenye gdb (zana ya kuchunguza programu inapoanguka), ile ffffffff ya mbele ni alama ya pointa iliyokatwa na kunyooshwa. Rudi kwenye maonyo ya kompaila, utaikuta fanksheni yenyewe.

Kwenye Mac za Apple silicon kuna ubaya wa ziada. Fanksheni zinazopokea idadi yoyote ya vigezo, kama fcntl, ioctl na open, hutarajia vigezo hivyo vya ziada kwenye steki. Ukiiita bila tangazo, kompaila huvipeleka kwenye rejista kama vya fanksheni ya kawaida. Anayepokea anasoma takataka, na hakuna linka wala jaribio litakaloliona hilo. Hii ndiyo sababu ninakataa swichi za kunyamazisha: kwenye mashine hizo, msimbo uliokuwa na makosa yasiyodhuru sasa unaharibu data.

Majaribio mengi yanasema no kwa mpigo

Ukiona configure inakana hata printf au memcpy, tazama kama umeweka -Werror kwenye CFLAGS. Majaribio ya Autoconf hutangaza fanksheni kwa namna ya kubabaisha, char memcpy(), kwa sababu yanataka kujua tu kama linka itaipata. Kompaila huonya kwamba hilo linapingana na memcpy inayoijua. Kwa kawaida ni onyo tu. Ukiwa na -Werror, onyo linakuwa kosa, na memcpy inaandikwa kuwa haipo. Endesha configure bila -Werror, kisha iongeze kwenye make: make CFLAGS="-O2 -Werror".

Kengele zisizo na moto

Si kila mstari ulioupata kwa grep ni ugonjwa. Nimeshaeleza strchr: katika skripti za Autoconf 2.70 na kuendelea, kosa lake ni la makusudi, liache. Pia kuna fanksheni ambazo mfumo wako hauna kweli. strlcpy haikuwepo kwenye glibc hadi toleo la 2.38 la Agosti 2023, na arc4random hadi 2.36 la mwaka mmoja kabla. pledge ni ya OpenBSD. Configure ikisema no kwa hizo kwenye Linux ya zamani, imesema kweli. Ukurasa wa man wa mashine yako ndio wa kuamua.

Ukihamia GCC 15

GCC 15, iliyotoka Aprili 2025, hutumia C23 usipoichagulia kiwango kingine. Hapa mabano matupu yamebadilika maana: int f() sasa ni sawa na int f(void). Jaribio la zamani lililotangaza fanksheni kwa mabano matupu kisha likaiita kwa vigezo litakataliwa kwa "too many arguments to function", na configure itaandika no kama ilivyozoea. Vilevile, msimbo unaofafanua bool yake mwenyewe kwa typedef utagoma, kwa kuwa bool sasa ni neno la lugha. Grep yangu ya juu haitakamata haya, hivyo ongeza "too many arguments" kwenye orodha ya maneno. Kwa ulinganisho, rudia njia ya saraka mbili, safari hii upande wa zamani ukiwa na -std=gnu17. Na ukirekebisha configure.ac, hakikisha Autoconf yako ni angalau 2.72, iliyotoka Desemba 2023, kisha mtumie mwenye programu kiraka hicho pamoja na kipande cha config.log kinachoonyesha jaribio lilivyokataliwa.